Sheikh Jassim bin Muhammad: kijana wa Fuwairit aliyeiasisi Qatar

Kila ikifika tarehe 18 Disemba, Doha haikai kitako. Magari yanapita Corniche yamevishwa bendera ya damu ya mzee na nyeupe, vioo vimeteremshwa, watoto wametoa vichwa nje. Skuli zimeshafanya sherehe zao siku chache kabla, na majumbani mwetu kanzu ndogo na bukhnuq zinatafutiwa mahali kabatini mpaka mwakani. Mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa kubwa zaidi, manake ndiyo iliyochezwa fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa, katika uwanja wa Lusail, na dunia nzima ikatazama.

Lakini muulize mtoto wako kwa nini iwe tarehe 18 Disemba. Uhuru wa Qatar kutoka kwa Waingereza ulitangazwa tarehe 3 Septemba 1971, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo siku iliyosherehekewa. Sikukuu ilikuja kuhamishwa mwaka 2007. Ilihamishwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo amezikwa huko huko Lusail. Jina lake ni Sheikh Jassim bin Muhammad Al Thani, Allah amrehemu.

Ukifungua vitabu vya zamani utalikuta jina hilo limeandikwa Qasim. Ni lile lile. Watu wa Ghuba huigeuza qaf ikawa jim, kwa hivyo Kassim wetu wa Unguja na Mombasa hapa anaitwa Jassim.

Watoto wetu wanaozaliwa na kusoma hapa wanalisikia jina hili kila mwaka pamoja na ngoma na mapanga ya ardha. Hadithi yenyewe, ya namna gani mtoto wa kijiji cha pwani aliinuka mpaka akasimamisha nchi, wengi wanaipata nusu nusu. Tuieleze basi tangu mwanzo.

Kutoka Fuwairit mpaka Al Bidda

Jassim alizaliwa mnamo mwaka 1825. Ukoo wake, Al Thani, ni wa kabila la Banu Tamim, na asili yao ni Najd, bara ya Arabuni, kabla ya kuteremkia pwani. Alikulia Fuwairit, kijiji cha kaskazini mashariki mwa Qatar, ambako siku hizi watu wanapajua kwa ufukwe unaotagwa mayai na kasa. Baba yake, Sheikh Muhammad bin Thani, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji hicho.

Mwaka 1847 ukoo ulihamia kusini, Al Bidda, mahali ambapo leo pamemezwa na jiji la Doha. Jassim alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Usiifikirie Doha hii ya leo. Hakukuwa na mto, mvua ilikuwa ya kubahatisha, na maji ya kunywa yalichotwa visimani nje ya mji. Kilichowaweka watu pwani ni lulu. Kila mwaka joto likishika, vyombo viliondoka kwenda ghaws, yaani kuzamia lulu, na havikurudi mpaka ipite miezi kama minne. Nahodha wao waliitwa nahodha, neno ni moja huku na kwetu. Chini yake walikuwepo wazamiaji na wavuta kamba, na wengi wao waliuanza msimu na deni na wakaumaliza na deni. Al Thani walifanya biashara hiyo ya lulu, na ndiyo iliyowapa fedha na sauti mbele ya watu.

Sauti hiyo hata hivyo ilikuwa haijafika mbali. Qatar wakati ule ilikuwa rasi yenye vijiji na makabila, na kila jirani aliitazama kama yake. Al Khalifa, watawala wa Bahrain, waliwahi kukaa Zubara na waliendelea kudai ushuru. Kutoka bara, Al Saud walidai zaka. Upande wa mashariki alikuwepo mtawala wa Abu Dhabi. Baharini zilipita manowari za Waingereza, na huko Baghdad na Basra walikaa Waturuki wa dola ya Kiothmani. Aliyetaka kusimamisha nchi katikati ya wote hao hakuwa na jeshi la kupambana nao. Ilimbidi ajue lini amwambie nani ndiyo, na lini amwambie hapana.

Aliitwa kwenye suluhu, akafungwa

Somo la kwanza Jassim alilipata kwa machungu. Mwaka 1867 mwakilishi wa Bahrain aliyekuwa Wakra alimkamata bedui mmoja wa kabila la Naim na kumpeleka Bahrain. Watu wa Qatar walikasirika, wakamfukuza mwakilishi yule. Basi mtawala wa Bahrain, Sheikh Muhammad bin Khalifa, akapeleka ujumbe kwamba Jassim aje wazungumze, mambo yaishe kwa amani. Jassim akapanda chombo akaenda. Alipofika akatiwa ndani.

Akiwa bado kifungoni, mwezi Oktoba mwaka ule ule, vyombo vya Bahrain viliungana na vya Abu Dhabi vikaja kuivamia Doha na Wakra. Nyumba zilibomolewa, mali ikaporwa, watu wakatawanyika. Mwaka uliofuata Waqatari walitoka kulipiza, zikapiganwa baharini, vyombo vingi vikazama na roho nyingi zikapotea pande zote mbili. Jassim alitoka kifungoni kwa kubadilishana mateka.

Aliporudi alikuta mji umevunjwa. Alikuwa amevuka umri wa miaka arubaini, na alikuwa ameonja kwa mwili wake hali ya mtu asiyekuwa na nchi ya kumtetea: anaitwa kwa salamu, anafungwa, na kwao kunatiwa moto.

Mgeni aliyetokea Unguja

Vita ile ilivunja ahadi ambazo watawala wa Ghuba walikuwa wamewapa Waingereza, kwamba hakutakuwa na vita baharini. Kwa hivyo Septemba 1868 akaja Kanali Lewis Pelly, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa na makao yake Bushehr. Wazee wa Zanzibar wa zama zile wangemtambua mara moja. Kati ya mwaka 1861 na 1862 Pelly alikaimu ubalozi wa Uingereza Unguja, siku zile zile ambapo uamuzi wa Waingereza ulikuwa umezitenga Zanzibar na Oman, kila moja ikawa na sultani wake. Mtu aliyekuwepo nchi moja ilipogawiwa mbili, sasa alikuwa anasimama kwenye pwani ya watu waliotaka kuhesabiwa kuwa wamoja.

Tarehe 12 Septemba 1868, Pelly na Sheikh Muhammad bin Thani waliafikiana. Sheikh Muhammad aliahidi kutofanya vita baharini na kuupeleka kwa Waingereza ugomvi wowote utakaotokea na majirani. Ukiyasoma masharti yenyewe ni mafupi tu. Uzito wake ni kwamba dola kubwa ilikuwa imekaa na mkubwa wa Doha na kuzungumza naye kwa niaba ya watu wa Qatar, bila ya kupitia Bahrain.

Lakini mapatano hayo yalibakisha mwiba mmoja. Ushuru wa kila mwaka kwa Bahrain ulikuwa bado upo. Waqatari walikuwa wametambuliwa, na papo hapo wakaendelea kulipa kama watu walio chini ya wengine.

Bendera mbili katika mji mmoja

Mwiba huo Jassim aliutoa kwa njia ambayo haikutazamiwa. Mwaka 1871 Midhat Pasha, gavana wa Kiothmani wa Baghdad, alipeleka jeshi likaishika Al-Ahsa, jirani kabisa na Qatar. Kisha, kwa mkono wa mtawala wa Kuwait, Sheikh Abdullah bin Sabah, zikaletwa bendera za Kituruki mpaka Doha.

Sheikh Muhammad, mzee aliyetia mkono mapatano ya 1868, alibaki na bendera yake ya zamani. Jassim aliichukua ya Kituruki akaipandisha juu ya nyumba yake. Mji mmoja, baba na mwana, bendera mbili.

Unaweza kusema walihitilafiana. Unaweza pia kusema ilikuwa hesabu nzuri, kwa sababu Waingereza walipouliza alikuwepo wa kuwajibu, na Waturuki walipouliza alikuwepo wa kuwajibu. Matokeo yake ndiyo ya kuangaliwa. Mwisho wa mwaka ule askari wa Kituruki kama mia moja walishuka Doha, na baada ya hapo ushuru wa Bahrain ukakoma. Majirani waliokuwa wakiitazama Qatar kama shamba lisilo na mwenyewe sasa walimuona nyuma yake khalifa wa Istanbul.

Mwaka 1876 Waturuki walimpa Jassim cheo cha qaimmaqam, yaani mkuu wa wilaya chini ya dola yao. Alikipokea. Ila walipotaka kuweka maofisa wao wa kutawala mji, na khasa walipotaka kufungua nyumba ya forodha Doha, alikataa, akakataa tena. Cheo kilikuwa jina, na jina halimnyimi mtu chakula. Forodha ni mfuko wa nchi, na huo hakutaka kumpa mtu.

Tarehe 18 Disemba 1878 Sheikh Muhammad alifariki dunia, na Jassim akawa mkubwa wa Qatar. Hiyo ndiyo siku inayosherehekewa leo.

Jassim na Barghash

Sisi wa asili ya Afrika Mashariki tunaweza kumpima kwa mtu tunayemjua zaidi. Mwaka ule ule wa 1878, Unguja alikuwepo Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888. Wote wawili walionja mkono wa wakubwa kabla hawajatawala. Jassim alifungwa Bahrain, na Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay mwaka 1859. Wote walitawala watu wa bahari na biashara, na wote walizungukwa na wenye nguvu kuliko wao.

Barghash alikuwa na mali mara nyingi zaidi. Alikuwa na karafuu, alikuwa na pembe za ndovu, alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, na alileta maji safi ya bomba mjini Unguja. Jassim alikuwa na lulu, mbuzi na ngamia. Hata hivyo miliki ya Zanzibar ndiyo iliyokatwa katwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana wao kwa wao, wakamuachia Sultani ukanda wa maili kumi tu wa pwani ya bara, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyika. Pwani yetu iliona ubaya mwengine, tembo wawili wakipatana juu ya nyika. Jassim alijaaliwa tembo wasiopatana. Waingereza hawakuikubali haki ya Waturuki juu ya Qatar, na Waturuki hawakuikubali ya Waingereza. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye alikaa hapo katikati, kila mmoja akimtumia dhidi ya mwenzake, naye akiwatumia wote wawili.

Faini, kisasi na mtoto aliyeuawa

Wala tusimfanye malaika. Aliyoyafanya hayakuwa mazuri yote, na mengine aliyalipia.

Doha walikuwepo wafanyabiashara wa Kibanyani, raia wa Uingereza. Familia za Zanzibar zinawajua vizuri, kwani huko kwetu forodha yenyewe ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Banyani. Jassim aliwaona kama washindani wake katika lulu na kama mlango wa Waingereza kuingilia mambo ya mji. Akawabana mpaka wakafunga maduka na kuondoka. Mwaka 1882 Waingereza walikuja na manowari, wakamlipisha fidia ya rupia 8,000. Hakuacha, na miaka michache baadaye ugomvi na wafanyabiashara hao ukazuka tena.

Na Abu Dhabi uadui haukwisha tangu ule mwaka wa 1867, na pakazidi mzozo wa mpaka wa Khor al-Udaid. Mwaka 1888 watu wa Abu Dhabi waliishambulia Doha, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo mtoto wa Jassim, Ali, aliyejulikana kwa jina la Joaan. Mwaka uliofuata Jassim, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, aliongoza watu jangwani mpaka upande wa Liwa kulipiza. Wengi waliuawa huko ambao hawakuwa na lolote na kifo cha Ali. Jina la Joaan mpaka leo linapewa watoto katika ukoo wa Al Thani.

Wajbah, 1893

Kisha wakaja wale wale aliowapandishia bendera. Waturuki walikuwa wamechoka na mkuu wa wilaya asiyelipa kodi wala kukubali forodha. Jassim mwenyewe alikwishajiuzulu ule uqaimmaqam na kukaa nje ya mji. Mwanzo wa mwaka 1893 gavana wa Basra, Mehmed Hafiz Pasha, akaja na askari, akamwita Jassim Doha.

Fikiria alichokikumbuka. Miaka ishirini na tano nyuma aliwahi kuitwa hivyo hivyo, akaenda. Safari hii hakwenda. Alimtuma mdogo wake, Sheikh Ahmed, kuzungumza. Pasha alimkamata Ahmed pamoja na wakubwa wengine zaidi ya kumi wa Doha, akawafunga katika manowari ya Kituruki iliyotia nanga bandarini, jina lake Merrikh. Jassim alijitolea kulipa lira 10,000 ili waachiwe. Pasha akakataa.

Mwezi Machi 1893 askari wa Kituruki walitoka usiku kuelekea ngome ya Wajbah, kilomita kama kumi na tano magharibi ya Doha, kumkamata mzee huyo. Walikuta watu wa makabila wamekusanyika. Mapigano yalichukua masaa mengi, mpaka Waturuki wakageuza kurudi mjini wakifuatwa nyuma, wengi wakianguka njiani. Merrikh ikaanza kuupiga mji mizinga, na waliokufa kwa mizinga hiyo walikuwa watu wa kawaida majumbani mwao.

Jassim hakuingia Doha kwa upanga. Alifunga maji. Visima vya mji vilikuwa nje, na mji wenye askari, farasi na joto la Qatar hauwezi kukaa siku nyingi bila ya visima vyake. Mwenye kupita leo kituo cha metro cha Msheireb akumbuke kwamba jina hilo linatokana na mahali pa kunywa maji. Pasha hakuwa na budi. Aliwaachia wafungwa, na Jassim naye akawaacha wapanda farasi wa Kituruki wapite salama kwa njia ya bara kurudi Hofuf.

Jambo alilolifanya baada ya kushinda ndilo linalomwonesha zaidi. Hakuteremsha bendera ya Kituruki. Aliendelea kujiita mtu mtiifu kwa Sultani Abdul Hamid, lawama zote akazitupa kwa gavana, na Istanbul ikamwondosha gavana kazini na kumsamehe Jassim. Askari wachache wa Kituruki walibaki Doha. Nao wakawa hawana sauti tena juu ya nani anatawala.

Kazi za kila siku za mji alimwachia Ahmed, mpaka Ahmed alipouawa Disemba 1905. Msiba huo ulimrudisha mzee kwenye utawala akiwa na umri wa karibu miaka themanini, na Doha akaiweka mikononi mwa mwanawe, Sheikh Abdullah.

Wale waliozama

Kuna watu katika hadithi hii ambao bendera haziwataji, na sisi tunaosoma Kiswahili hatuna ruhusa ya kuwaruka.

Utajiri wa Jassim na wa mji wote ulitoka chini ya bahari, na walioufuata chini ya bahari, wengi wao walikuwa watumwa. Miongoni mwa watumwa hao walikuwepo Waafrika waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Hata hivyo magendo yaliendelea, na majahazi yaliyowaleta yalipakia kwetu. Wengine walifika wakiwa watoto. Walipewa majina ya nyumba walizouzwa, wakafunzwa kubana pumzi, wakateremshwa na jiwe mguuni. Lulu waliyoipata haikuwa yao.

Qatar iliufuta utumwa mwaka 1952, na wengi wa waliokuwa watumwa na wazao wao wakawa Waqatari. Ngoma nyingi tunazozisikia kwenye harusi za hapa zina mguu wao ndani yake. Familia zetu, zilizokaa karne nzima upande wa pili wa biashara hiyo, zina sababu ya kuzisikiliza kwa makini.

Lusail, Julai 1913

Miaka yake ya mwisho Sheikh Jassim aliikaa Lusail, wakati huo kijiji chenye ngome na visima. Alikuwa mtu wa dini, wa madhehebu ya Hanbali. Alihukumu kati ya watu, alisalisha na kukhutubu Ijumaa, na alinunua vitabu vya elimu na kuviweka wakfu kwa wanafunzi. Alikuwa pia mshairi wa nabati, yaani mashairi ya lugha ya watu wenyewe, na mambo ya maisha yake, Wajbah ikiwemo, aliyatunga mwenyewe.

Alifariki hapo Lusail tarehe 17 Julai 1913. Miezi miwili nyuma, mwezi Mei, Abdulaziz Ibn Saud alikuwa ameiteka Al-Ahsa na kuwatoa Waturuki. Na tarehe 29 Julai, siku kumi na mbili baada ya mazishi, wale tembo wawili hatimaye walipatana. Uingereza na Uturuki zilitia saini mapatano London, na ndani yake Waturuki waliachia madai yao juu ya Qatar. Mchezo alioucheza Jassim zaidi ya miaka arubaini ulimalizika mara tu yeye alipoondoka.

Lakini tofauti na ilivyokuwa kwetu 1886, wakubwa walipokaa kugawana walikuta tayari kuna kitu kinaitwa Qatar, kina mwenyewe na kina mrithi. Mapatano yale yenyewe yalieleza kwamba rasi itatawaliwa na ukoo wa Jassim. Askari wa mwisho wa Kituruki waliondoka Doha mwaka 1915, na tarehe 3 Novemba 1916 Sheikh Abdullah bin Jassim aliweka mkataba wake na Waingereza.

Kwa hivyo tarehe 18 Disemba ijayo, mtoto akirudi na bendera yake, mpeleke Msheireb. Hapo zipo nyumba nne za zamani zilizogeuzwa makumbusho. Moja aliijenga Sheikh Muhammad, mtoto wa Sheikh Jassim, na ndani yake inaelezwa historia ya mtaa na mji. Nyengine ni nyumba ya Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, na humo inaelezwa habari ya walioletwa kuvuka bahari. Kutoka moja kwenda nyengine ni hatua chache tu. Mwingize katika zote mbili.